Kambare Ndani ya Ngitili

Nimefundisha sayansi shule za sekondari mpaka nikastaafu, na bado huwa nawatembeza wanafunzi, na jambo moja nililokuwa na hakika nalo ni kwamba samaki hukaa ziwani. Ndivyo nilivyowaambia wanafunzi mara ya kwanza nilipowapeleka kwenye ziwa dogo lililoko ng'ambo ya Puge, ndani kidogo ukiacha barabara ya Nzega. Nilisimama juu ya kichuguu, kofia kichwani, fimbo mkononi, najisikia kwelikweli. Nikasema, "Huku majini ni makazi ya samaki. Kule kwenye nyasi ni malisho ya mifugo. Andikeni hivyo, kila kimoja na mahali pake."

Nyuma yangu mtu akacheka. Nikageuka nikamkuta mwanamke amesimama kwenye uzio wa miiba, amejifunga khanga mbili na kuvaa mabuti ya mvua.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, lakini watoto umewadanganya. Kambare harusi yao iko kwenye nyasi."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri. Marehemu mama yangu alikuwa akisema hasira zangu zinakaa sebuleni, hazihitaji kubishiwa hodi. Nikamjibu mbele ya watoto wote, "Dada yangu, kambare hana miguu."

"Mvua ikija hahitaji miguu," akasema, akaendelea kufunga uzio wake.

Tulirudi Tabora jioni ile nikiwa nimenuna njia nzima. Nyumbani Cheyo nikafungua vitabu vyangu vya zamani nipate cha kumrudishia. Nikakuta, kwa herufi ndogo, kwamba kambare akihisi mafuriko huyafuata maji mapya hadi kwenye majani, na huko ndiko hutaga mayai. Lo! Miaka yote ile darasani! Na aibu ilikuwa ya ukoo mzima, maana babu zangu walitoka Omani wakafuata njia ya misafara mpaka Tabora, wakawa wanauza nguo na chumvi huko kaskazini. Wapagazi wao walikuwa wakipumzika kwenye ziwa lile lile na kunywa maji yake. Miaka yote hiyo tumekula samaki wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wanazaliwa wapi.

Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu na kilo ya tende kuomba radhi. Yule mama alipokea tende, akanipa kiti cha plastiki na kikombe cha maziwa ya mgando, na akanieleza habari yote. Alizaliwa Lusu, akaolewa hapo karibu na ziwa. Alipokuwa bibi harusi, eneo lote la bondeni lilikuwa nyasi, na mvua za kwanza zikimwagika kambare walikuwa wanapanda usiku na mchana, migongo iko nje ya maji, mpaka mbwa wanawabwekea. Baadaye ng'ombe wakazidi, nyasi zikaisha, ardhi ikachimbika makorongo. Maji ya mvua yakawa yanateremka mbio yamebeba tope mpaka ziwani, na kambare wakaacha kupanda.

Mumewe ndiye aliyeanza kulifunga eneo lile liwe ngitili. Watu wa huku wote wanaijua ngitili: malisho yanafungwa mvua zikianza, hakuna ng'ombe wala mundu kuingia, nyasi zinakua kwa raha zake, halafu yanafunguliwa kiangazi kikikaza ili ndama na ng'ombe wanyonge wapate chakula. Alizungushia miiba upande mmoja, akaugua, akafariki kabla ya kumaliza. Mkewe akamalizia pande zilizobaki.

"Sasa tatizo ni shemeji yangu," akasema, kisha akacheka. "Ukimwona utampenda. Ndiyo tatizo lenyewe."

Shemeji huyo ni mdogo wa mwisho wa marehemu, alikuwa bado mtoto wa mgongoni kambare walipoacha kupanda, na sasa ndiye msemaji wa ukoo kuhusu ardhi. Alitaka bonde lile lipigwe majaruba ya mpunga. Udongo mweusi, maji karibu, na nyumbani ana watoto wanaokula wasishibe. Mimi mwenyewe siwezi kusema alikuwa na roho mbaya. Walibishana mpaka suala likafika kwenye kamati ya ngitili ya kijiji. Pale mama akasema, nyasi zikirudi kambare watapanda, na kambare wakipanda kijiji kizima kitakula samaki, afadhali hivyo kuliko mpunga wa mtu mmoja. Shemeji akacheka hadi akakohoa. Akasema mbele ya wazee: misimu mitatu ya mvua. Kambare wakipanda ndani ya uzio, hataligusa bonde lile mpaka anaingia kaburini. Wasipopanda, mvua za kwanza za msimu wa tatu zikipita analeta plau.

Halafu, kwa sababu yeye ni mtu wa utani na watu walikuwa wanamwangalia, akaongeza la kwake. Akasema samaki wanaotaga lazima walindwe, kwa hiyo atakayeshika kambare ndani ya ngitili siku za kupanda atoe dume la ng'ombe, lichinjwe, kijiji kizima kile nyama. Watu wakacheka, wakapiga makofi, ikaandikwa. Kutoza faini juu ya samaki asiyekuwapo ni rahisi sana.

Basi nikawa mtu wa ngitili. Kila nilipopeleka wanafunzi, na baadaye vikundi vya kina mama kutoka mjini na hata wazee wa msikitini kwetu, nilianzia kwenye uzio wa yule mama, na yeye ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilibaki kubeba chupa. Tulikuwa tunachota maji ya korongo kwenye chupa moja na maji yaliyopita kwenye nyasi kwenye chupa nyingine, tunaziweka juu ya bati, tunaziangalia. Ya kwanza ilikuwa chai ya maziwa. Ya pili unaweza kusoma gazeti kwa upande wa pili. Watoto walikuwa wanapima mraba kwa kamba na kuhesabu aina za nyasi ndani yake, na wote walikuwa wanapanda vishina vya nyasi kwenye makorongo, mikono imejaa tope hadi kwenye viwiko. Mzee mmoja wa msikitini alipanda vishina vyake vyote juu chini, mizizi inaangalia mbinguni. Tulimwachia mstari wake kwa heshima, kisha tukaugeuza alipokwenda kutawadha.

Shemeji naye hakukosa safari hata moja. Alikuwa anatokea na tabasamu lake na kofia yake ya pama, anawasalimia wageni, "Mwangaluka! Karibuni kwenye shamba langu la mpunga!"

"Mpunga wako uko ndotoni," mama alikuwa anamjibu.

"Shemeji, nimekuchagulia jaruba la pembeni, lenye kivuli, usiungue."

"Na mimi nimekuchagulia kambare mwenye sharubu kama zako. Mtaitana ndugu."

Walikuwa wanataniana hivyo hadi wageni wanashika mbavu. Huku kwetu shemeji na shemeji hawana budi kutaniana, na hao wawili walikuwa mabingwa. Lakini mimi nilikuwa naona mama akimaliza kucheka anavyoliangalia bonde, na nilijua moyoni hacheki. Nyasi zile zilikuwa kitu cha mwisho mumewe alichokishika kwa mikono yake akiwa mzima.

Msimu wa kwanza mvua zilikuwa chache. Msimu wa pili zilinyesha vizuri, kambare wakafika pale maji ya bonde yanapoingia ziwani, wakakuta nyasi bado fupi, wakageuka. Nilikuwapo. Shemeji alisimama pale akawapungia mkono: "Kwaherini wageni! Salimieni ziwa!" Nilitamani kumsukumia humo awafuate.

Msimu wa tatu, ambao ni huu uliopita, nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Lakini mvua zikachelewa. Shemeji akatengeneza plau yake, akaipaka mafuta, akaiegemeza nje ya nyumba ambapo kila mtu anaiona. Nilikuwa nampigia mama simu kila asubuhi kama vile mimi ndiye mwenye shamba. "Mwalimu," akaniambia siku moja, "wewe ukiendelea kunipigia hivi mvua itaogopa."

Kisha Alhamisi moja ikashuka mvua ya siku mbili mfululizo. Ijumaa jioni akanipigia yeye. "Maji yameingia kwenye nyasi. Kamati inakuja kesho. Shemeji amesema kesho ndiyo mwisho, Jumatatu anaingiza maksai."

Bahati nzuri safari ya wanafunzi ilikuwa imepangwa Jumamosi ile ile. Tuliondoka alfajiri. Tukapita Puge vizuri, tukaacha lami, na hatua chache tu kwenye udongo mweusi wa mbuga basi la shule likazama. Tukashuka sote, wasichana kwa wavulana, tukasukuma tukiimba. Kiatu changu cha kushoto kilibaki ardhini na mpaka leo hakijulikani kiliko. Nilifika ngitilini nimevaa kiatu kimoja na kandambili moja ya dereva.

Kamati ilikuwa imekaa chini ya turubai, wazee watatu na mwenyekiti wao, mtu wa sauti ndogo asiyerudia neno. Mama alikuwa amevaa khanga mpya. Shemeji alikuwapo, safari hii hana utani mwingi. Tukasimama kwenye uzio, tukaangalia.

Maji yalikuwa mazuri mno. Yalikuwa yametandaa katikati ya nyasi, yametulia, meupe, mvua ikitona juu yake. Ila kambare hakuna. Tukangoja saa moja, mbili, tatu. Mimi nikawa nasomesha ili kujaza kimya: nikafundisha perege wa asili, nikafundisha mizizi inavyoshika udongo, nikafundisha mpaka mambo ambayo hayapo kwenye mtaala. Hatimaye mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, na wewe huchoki?"

Ikafika alasiri. Mama akaacha kuangalia bonde, akaenda kuwatolea watoto matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Aliwagawia mmoja mmoja, anatabasamu, na mimi nikageukia upande wa pili. Nilikasirika. Niliwakasirikia kambare wenyewe, kusema kweli. Nilikuwa nimepoteza kiatu kwa ajili yao.

Shemeji alimwona mama jinsi alivyo, akaacha kula. Akasema polepole, "Shemeji, nitakuachia kona ya juu kwa ndama zako." Mama akaitika kwa kichwa tu. Yule bwana akavua viatu, akakunja suruali, akateremka peke yake kuelekea upande wa chini wa bonde. Baadaye alisema alikwenda kutazama tuta la kwanza angelipitisha wapi. Nyasi zikamficha.

Hazikupita dakika kumi tukasikia kelele. Kwanza nilidhani ameumwa na nyoka. Kisha tukamwona anakuja mbio anapanda mteremko, kifua wazi, tope hadi usoni, amekumbatia shati lake na ndani ya shati kuna kitu kinampiga mbavu.

"Kitoweo!" anapiga kelele. "Shemeji! Injika sufuria! Kitoweoo!"

Alikulia kando ya ziwa lile. Samaki amemgonga mguu, mikono ikamtangulia akili. Alikuja mpaka mbele ya turubai, akafungua shati kwa furaha, na hapo kambare mkubwa, mweusi, tumbo limejaa, akamwangalia mwenyekiti wa kamati.

Nikaona tabasamu la shemeji linashuka taratibu, kidogo kidogo, alipokumbuka yeye ni nani na pale ni wapi.

Na mimi hapo ndipo nilipofanya upuuzi. Mimi, mwalimu, niliyewaambia watu kila safari wasikanyage nyasi za ndani! Nilipiga yowe, "Wamepanda!" nikachomoka na kandambili yangu, na wanafunzi wote nyuma yangu. Tuliingia majini jozi za miguu hata sijui ngapi. Tulipofika chini maji yalikuwa yamegeuka uji, mawimbi kila upande, na kama kulikuwa na kambare walikuwa wameshakimbia. Hatukuona hata mkia. Nilipogeuka kurudi nikatambua tulichokiharibu. Ushahidi wote ulikuwa umekimbia, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwona samaki yule akishikwa isipokuwa aliyemshika.

Tulirudi tumelowa, vichwa chini. Kambare alikuwa amewekwa kwenye beseni la maji mbele ya wazee, na shemeji amesimamishwa karibu yake. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama samaki atakufa. Nikamwambia kambare anavuta hata hewa ya juu, atatuzika sisi.

Mwenyekiti akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Samaki huyu umemshika wapi?"

Shemeji akalamba midomo. Mjumbe mmoja wa kamati, rafiki yake wa siku nyingi, akaegemea mbele akasema, "Si ziwani? Uzio unaishia pale pale ziwani. Sema ziwani tumalize, watoto wa watu wana safari."

Nilielewa mara moja, na kila mtu alielewa. Akisema ziwani hana kosa, dume lake linabaki zizini. Na akisema ziwani, hakuna kambare aliyepanda kwenye nyasi, na Jumatatu maksai wanaingia. Neno moja, mpunga na ng'ombe vyote vyake. Dume lenyewe tulikuwa tunaliona, jekundu, linakula nje ya uzio. Alikuwa na desturi ya kulisifia kwa wageni kabla hata ya kuwauliza hali.

Nikafungua mdomo niseme. Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Nyamaza mwalimu," akasema chini chini. "Mwache aseme mwenyewe."

Shemeji akamwangalia kambare. Akaliangalia dume. Kisha akamwangalia mama, na mama hakumtania, hakumsihi, alimwangalia tu.

"Nilikuwa ndani," akasema.

"Ndani wapi?"

"Ndani ya uzio, mzee. Mbali na ziwa. Maji yananifika hapa." Akaonyesha chini ya goti. "Na hayuko peke yake. Wamejaa. Wananipita huku na huku, nimesimama katikati yao. Kaka alikuwa akinisimulia nikiwa mdogo, nikajua ananitania. Dume lichukueni. Na bonde ni la shemeji mpaka mimi nife, nilisema na leo nasema tena."

Vigelegele vilivyopigwa sijui vilifika wapi. Wanafunzi walirukaruka, dereva alimkumbatia mjumbe aliyetaka uongo, mimi nililia waziwazi na kandambili yangu. Mama hakupiga kigelegele. Alikaa chini pale pale kwenye majani mabichi, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Alipojifunua alimwambia shemeji yake, "Mrudishe mama wa watu. Ana mimba."

Shemeji akanyanyua beseni kwa mikono miwili. Safari hii niliwazuia watoto wote nyuma ya uzio, nikasimama mbele yao nimetanua mikono. Alikwenda polepole, peku, anaweka mguu penye nafasi kati ya nyasi, mpaka maji yakamfika chini ya goti. Akainama, akalaza beseni. Tukaona maji yakifunuka mara moja, kisha nyasi zikitingishika kwenda mbele, na mbele zaidi zikatingishika nyingine, na nyingine.

Hakurudi upesi. Alibaki ametupa mgongo, anayaangalia, halafu akachukua lile shati lililonuka samaki akajifuta macho. Wazee walimwona, watoto walimwona, shemeji yake alimwona. Tangu niwajue watu wale sikuwahi kuona mtu akikosa neno la kumchokoza mwenzake, lakini hapo hakuna aliyemtania.